Inapokatikia

Kazi yangu ni kukata.
Si kwa kisu. Naubana uzi juu, naubana chini,
nabonyeza, natazama namba zikipanda
mpaka usikike mlio mdogo, kidole kinachoalika,
na daftari linapata mstari mwingine.
Tangu saa mbili hadi adhuhuri, nyuzi arobaini.
Kamba hukatikia pembamba:
nami nalipwa kupatafuta hapo
kabla mteja hajapapata
na mchuzi wa moto mikononi.

Nyuzi zinatoka mlimani kwa baba, Crispulo Tabuzo,
upande wa Katanduanes unaopigwa na kila kimbunga.
Abaka ni binamu wa mgomba,
ila ndizi zake ni mbegu tupu, hata popo huzikataa.
Utajiri wake uko kwenye shina,
ganda juu ya ganda, na baba huyavuta chini ya kisu
kwa uzito wa mwili mzima, akirudi kinyumenyume
kama mtu anayeaga mfalme.
Kiganja chake hakishiki tena kalamu.
Hupima kwa meno. Huung'ata uzi, huutema:
"Huu ulichelewa kukatwa. Ua lilishatoka."
Mashine yangu, ya bei ya nyumba, humwafiki.

Mwaka wa kwanza niliharibu.
Uzi mbichi una nta na ulimbo, gundi haiushiki,
kwa hiyo unaulowesha katika magadi makali
utakate, ukwaruzike, ukubali kushikwa.
Nilidhani dawa kali ndiyo nguvu.
Nikaongeza kipimo, nikaongeza saa.
Ulitoka mweupe, mzuri, wa harusi,
ukakatika kama tambi ya jana.
Baba alicheka hadi akakaa chini.
"Umeosha maiti," alisema.

Sahani za kwanza tulizipeleka Viga, sikukuu ya kanisa.
Uji wa kuku, tangawizi, watu mia mbili.
Hotuba ya diwani haijaisha, sahani zimeshakunywa,
zimejikunja kama masikio ya mbwa mzee.
Aling Pasita, mwenye duka, hakusema neno.
Aliingia ndani, akatoka na plastiki.

Plastiki haina kiu.
Hiyo ndiyo sifa yake, hiyo ndiyo laana.
Novemba ile, kimbunga kilipopita,
abaka yote ya baba ililala, vichwa vikielekea baharini,
na juu ya waya wa umeme
mfuko wa duka la Pasita ulikuwa umejaa upepo,
haukuchanika hata mshono,
jina bado linasomeka.

Basi nikaliandika upya swali langu.
Si: uwe imara kiasi gani?
Bali: uwe imara mpaka lini?
Mpaka uji uishe, mpaka mtoto alambe ukingo,
mpaka mbwa apite. Kisha ujue kufa.
Meneja anataka gundi mpya, ya miaka kumi.
Nimemwambia nitalifikiria. Sijalifikiria.

Magadi mepesi sasa, nusu saa, maji mengi ya kusuuzia,
utando wa wanga, joto la chuma.
Sahani huvumilia mchuzi hadi watu waoshe mikono.
Inatosha.

Moja niliizika nyuma ya maabara
kando ya mfuko wa Pasita, nikachomeka kijiti.
Wiki ya kumi na saba nikachimba.
Mfuko ulitoka kama ulivyoingia. Nikaukung'uta.
Sahani niliipapasa kwa vidole, polepole,
nikitafuta, kwa mazoea, pale pembamba
ilipoanzia kukatika.
Sikupaona.
Kote kulikuwa udongo,
na nyungunyungu mmoja, mnene, akiondoka.